Mizani ya baba: biashara, siasa na shule nilivyoviona kutoka dukani Kibaigwa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auweke kiporo, ausome usiku akitulia.

Mimi ni mnunuzi wa mazao, nipo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, pale barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Nanunua mahindi, alizeti na karanga. Mzigo unakwenda Dar, na mpaka wa Kenya ukiwa wazi unakwenda Namanga. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kazi hii naifanya mwaka wa 20 na kitu sasa.

Kilichonikalisha niandike ni mama mmoja mkulima. Wiki iliyopita alileta debe sita za mahindi, akapimiwa, akalipwa, akafunga hela zake kwenye ncha ya khanga. Badala ya kuondoka akakaa juu ya gunia akaniuliza: "Mwanangu, mwaka huu nilime nini?"

Nilikosa jibu, wakuu. Udongo wa kwetu naujua. Mvua za Dodoma nazijua, chache na za kubahatisha. Bei za soko naziamka nazo kila asubuhi. Kilichonishinda ni kwamba jibu la swali lake linategemea tamko la serikali ambalo bado halijatolewa, na litakapotolewa yeye atakuwa ameshavuna.

Nina mizani ya mawe dukani. Siitumii kununulia, siku hizi tunapimia ya kidijitali iliyogongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ile ya mawe ni ya marehemu baba. Mwaka 1976 baba alikuwa na duka dogo kijijini: chumvi, sukari, sabuni za mche, viberiti, mafuta ya taa ya kupima kwa koroboi. Ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, duka liwe la kijiji, la ushirika. Mama alinisimulia kwamba baba hakubishana na mtu. Aliisugua ile mizani kwa majivu, akaifunga kwenye gunia, akaisukumia chini ya kitanda. Ikakaa huko karibu miaka kumi.

Sisemi Mwalimu Nyerere alikuwa na nia mbaya. Walanguzi walikuwepo, na kuna wanakijiji walikuwa wanakamuliwa na mwenye duka mpaka senti ya mwisho. Shida ni kwamba duka la kijiji lilifunguliwa kabla ya kupatikana mtu wa kuliendesha. Wale waliojua kuagiza mali, kutunza daftari na kukopesha bila kufilisika ndio hao hao walioambiwa wafunge. Mwaka huo huo vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Miaka sita. Mtoto aliyezaliwa vilipovunjwa alikuwa anakaribia kuanza shule.

Mimi nimezaliwa 1978, kwa hiyo ya 1976 naisimulia kwa mdomo wa mama. Ya 1983 nayakumbuka mwenyewe, kwa harufu. Ilikuwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Baba alikuwa na katoni mbili za sabuni ya mche alizozipata kwa ndugu yake, anauza kidogo kidogo kwa majirani usiku. Aliposikia watu wanakamatwa, alizichimbia shambani. Tulizifukua kiangazi. Zilikuwa zimepasuka, zimeshika mchanga, na ukifulia nguo mchanga unakwaruza vidole. Mama alinifulia nguo zangu kwa sabuni ile. Harufu ya sabuni iliyochanganyika na udongo mpaka leo naijua.

Na bado nyumbani kwetu Sokoine aliheshimiwa. Alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, baba alilia. Watu wengine hawaelewi inawezekanaje mtu aliyechimbia sabuni kwa hofu akamlilia kiongozi yule. Inawezekana. Baba aliamini Sokoine mwenyewe hali rushwa, na kwake hilo lilitosha.

Miaka ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mizani ikatoka chini ya kitanda. Hapo sina la kueleza sana. Mali ilirudi madukani, bei ikapanda, watu wakavaa.

Sasa twende kwenye yangu.

Mwaka 2017 nilikopa, nikanunua mahindi ya mavuno mapya, Mei na Juni, kwa shilingi 550 kilo. Nilikuwa na mteja wa upande wa Kenya, tumefanya kazi naye misimu minne bila kudhulumiana. Mwishoni mwa Juni ikatangazwa marufuku ya kuuza mahindi nje ya nchi. Mzigo wangu ulikuwa ghalani, umeshafungwa, umeshahesabiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na mimi sibezi sababu hiyo hata kidogo. Nimekulia kwenye unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Mwaka mmoja kabla mvua zilisumbua na bei ya unga ilipanda mpaka watu wakalalamika. Serikali inayoogopa njaa inafanya kazi yake.

Lakini angalieni tarehe. Mkulima alilima Desemba akijua mpaka uko wazi. Mimi nilikopa Mei nikijua mpaka uko wazi. Kufuli likawekwa Juni, mahindi yakiwa tayari juu ya turubai. Kama lingetangazwa Oktoba, kabla ya mbegu kuingia ardhini, yule mama angelima karanga na mimi nisingekopa. Lilipotangazwa Juni lilichukua hela mfukoni mwetu kwa ajili ya watu wengine, bila hata kutuambia asante. Niliuza Desemba kwa 380, na sehemu ya mzigo ilikuwa imeliwa na dumuzi, wale tunaowaita Scania, imebaki pumba. Deni nililimaliza 2020.

Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya kutufungia, wakisema mahindi yetu yana sumukuvu kuzidi kiwango chao. Malori yakapanga foleni Namanga. Viongozi wakakutana, Rais Samia akaenda Nairobi Mei, mambo yakalegea. Ile nayo iliuma, ila nilijifunza kitu ambacho ningepaswa kukijua miaka 20 nyuma: hindi likianikwa chini kwenye udongo likashika unyevu linaota kuvu, na kuvu ile ina sumu inayoharibu ini. Sisi tuliona mahindi meusi tukayachambua tukawapa kuku. Hakuna aliyetufundisha. Tangu mwaka ule nina maturubai 30 ninayoazimisha wakulima bure wakati wa kuanika, ila sharti waniuzie mimi kwanza kwa bei ya soko. Hayo maturubai yamenisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia kuhusu kilimo.

Na alizeti. Mnakumbuka jinsi tulivyohamasishwa? Mafuta ya kula yalipanda, viongozi wakapita Singida na Dodoma, limeni alizeti, mbegu za ruzuku zikaja. Watu wakalima kweli, mpaka waliozoea mtama. Kufikia mavuno ya 2023, mafuta kutoka nje yalikuwa yamelegezewa masharti ili mlaji wa mjini apate nafuu, na bei ya alizeti ikaporomoka. Mlaji wa mjini ana haki ya kupata mafuta kwa bei nafuu. Ila mkulima aliambiwa alime na serikali ile ile. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwetu Kongwa jambo hili lina historia ndefu kuliko chama chochote. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi wa karanga. Matrekta, wataalamu, mji mzima. Udongo wetu kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, na mvua haitabiriki. Wenyeji walikuwa wanajua, hakuna aliyewauliza kwa dhati. Mwaka 1951 mradi ulizikwa, ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 30. Wazee wa Kongwa wameishi muda mrefu na maamuzi yanayofika yakiwa yameshafanywa.

Sasa shule, maana najua wengi mnasubiri hapo.

Mimi nilisoma sekondari miaka ya 1990. Tulikariri. Nilisoma "book-keeping" mwaka mmoja, nikajua upande wa kushoto na wa kulia wa leja, lakini leja ile ilikuwa ya mtu asiyekuwepo, kwenye duka lisilokuwepo. Mwalimu hakuwahi kututoa twende sokoni, mita 300 kutoka darasani, tukamuulize muuza nyanya amenunua tenga kwa bei gani na ngapi zimeoza. Simlaumu. Alikuwa na wanafunzi 60 na chaki.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alimaliza kidato cha nne 2012. Mnaukumbuka mwaka huo? Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Yeye alipata divisheni nne, akalala siku mbili bila kula. Mwaka uliofuata serikali ikafuta matokeo yale na kuyapanga upya, akaamka ana divisheni tatu. Mtoto yule yule, mtihani ule ule, hajashika kalamu tena. Alifurahi, sote tulifurahi, dada alichinja kuku. Lakini mimi nilimtazama nikajiuliza amejifunza nini kuhusu nchi yake. Amejifunza kwamba kipimo kinaweza kubadilishwa baada ya kupimwa. Waliofuata wakapewa mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, 2016 ukaondolewa ikarudi divisheni. Walio wakubwa kidogo wanakumbuka fizikia na kemia zilivyounganishwa kuwa somo moja, kisha zikatenganishwa. Kila mara kuna kundi la watoto lililokuwa katikati ya daraja wakati daraja linabomolewa.

Mnaona kwa nini nimechanganya shule na mahindi? Ni jambo moja. Mkulima, mwanafunzi na mwenye duka wote wanaambiwa sheria ya mchezo wakati mpira uko dakika ya 80.

Mpwa akaenda chuo kwa mkopo, akapata shahada ya utawala 2018. Miaka mitano Dar: ualimu wa muda, wakala wa miamala ya simu, bodaboda ya mkataba. Mwaka 2024 akarudi huku, amekonda, ana begi moja na bahasha ya vyeti. Nikampa kazi ya kuandika mzigo unaoingia. Sikutegemea makubwa, nakiri.

Wiki ya tatu akaja na karatasi. "Mjomba, kwenye kila kilo unapata faida ngapi?" Nikamwambia tunanunua 480, tunauza Dar 590, ni shilingi 110. Tani 10 ni milioni moja na laki moja. Akakaa chini tukaandika pamoja, mzigo mmoja wa tani 10:

Mahindi 4,800,000. Magunia 100, laki moja na 20. Kuli wa kupakia, laki moja. Nauli, laki tano. Ushuru wa halmashauri, 96,000. Dalali wa Dar, laki moja. Jumla 5,716,000.

Kisha akaniuliza Dar wanapokea kilo ngapi. Nikasema hupungua kidogo, unyevu na umwagikaji. Kiasi gani? Sijawahi kuandika. Tukapekua stakabadhi za nyuma, tukakuta karibu kilo 200 kila safari. Kwa hiyo nauza kilo 9,800 kwa 590, napata 5,782,000. Toa matumizi. Inabaki shilingi 66,000.

Wakuu, elfu sitini na sita. Nilizima redio. Na sisi tunaolipa kodi ya makadirio, mwaka ule wa 2024 mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka alikuwa anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo, si ya faida. Piga mwenyewe kwenye mzigo huo, ni zaidi ya laki mbili. Nilikuwa naishi kwa misimu miwili mitatu ya bahati, na sijui kwa nini pesa haikai. Miaka yote nilikuwa nailaumu familia.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema elimu ya chuo haina maana. Mpwa wangu alikuwa na hesabu ile kichwani tangu zamani. Alichokosa ni gunia la kuipigia. Mimi nilikuwa na magunia bila hesabu. Tuliishi kwenye ukoo mmoja miaka 25 na hatukukutana mpaka njaa ilipomrudisha. Mtaala mpya ulioanza 2024 una somo la biashara kwa kidato cha kwanza na mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Ninaupokea kwa mikono miwili. Ombi langu ni moja, waachieni walimu na watoto angalau miaka kumi bila kuugusa.

Kuhusu siasa. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili, au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti yale yakalegezwa. Sitaki turudi 1967, nimeshawaambia habari za sabuni. Lakini tangu yalipolegezwa hatujaweka kitu kingine mahali pake kinachoeleweka na mwananchi. Leo anayeamua mpaka ufungwe lini anaweza kuwa mwenyewe ana ghala, na mimi sina namna ya kujua kama anayo au hana. Sijamtuhumu mtu. Nasema sina namna ya kujua, na mkopo wangu unategemea kujua.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyeandika kutoka Songea, umesema nataka serikali isiingilie soko kabisa. Hapana. Umenisoma vibaya, au nimeandika vibaya. Wakala wa chakula anunue, akiba ijazwe, mpaka ufungwe ikibidi. Ninachoomba ni tarehe. Kila mwaka kabla ya mwisho wa Oktoba, itangazwe sheria ya msimu: mahindi yataruhusiwa kutoka au la, ushuru wa mafuta utakuwa kiasi gani, kibali kinapatikana wapi. Ikitangazwa ishikiliwe mpaka Oktoba nyingine. Njaa ya ghafla ikija na mpaka ukalazimika kufungwa, basi anayefungiwa alipwe angalau bei aliyonunulia. Yaandikwe kwenye sheria, yasiwe huruma ya mtu.

Dada uliyeuliza kama nimeyapeleka haya kwa mbunge: nimeyasema kwenye mkutano wa hadhara, nikapigiwa makofi, mkutano ukafungwa kwa wimbo. Safari ijayo nitayapeleka yakiwa yameandikwa, na ile karatasi ya elfu sitini na sita nitaiambatanisha.

Kijana uliyesema wafanyabiashara wa mazao ndio wezi wenyewe na lumbesa zetu. Ni kweli, sikatai. Lumbesa ni wizi. Nilipoanza kazi nilinunua kwa lumbesa kama wenzangu, gunia linashonewa kofia juu mpaka linafika kilo 130, mkulima analipwa la 100. Niliacha, na niliacha kwa sababu ya kukaguliwa, si kwa wema wangu. Hapo serikali ilifanya vizuri, na ndiyo maana nasema siipingi kuingia sokoni. Mizani ikikaguliwa, sheria ikajulikana, hata mwizi anabadilika.

Yule mama amerudi leo asubuhi. Mpwa wangu amemwandikia kwenye karatasi ya daftari: ekari moja mahindi ya kula nyumbani, asiyategemee kuuza. Ekari moja karanga. Nusu ekari alizeti, kwa mbegu aliyonayo, asikope. Chini akaandika bei za miaka mitatu iliyopita za kila zao, mwezi kwa mwezi, alizozitoa kwenye stakabadhi zangu. Mama hajui kusoma, amesema mjukuu wake wa darasa la tano atamsomea. Ameikunja karatasi mara nne akaifunga kwenye ncha ya khanga, pamoja na hela ya nauli.